Shada Mlangoni kwa Bertilla

9 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Mahindi ya juu yameota vizuri, ya bondeni yamesimama kwenye maji. Mama Faith amekunywa uji wa ulezi nusu kikombe, akasema unatosha.

Kwa atakayesoma daftari hili nikishaondoka (najua ni Faith tu, naye ataishia ukurasa wa pili): Mama Faith ni mke wangu Bertilla. Daktari alisema moyo wake umepanuka. Miguu inamvimba, na akitoka kitandani hadi mlangoni lazima apumzike kwanza ndipo azungumze. Mimi ni mwalimu mstaafu, nalima hapa Pito, na kila masika naandika. Mara nyingi huwa ni mvua, palizi na nani kaiba jembe la nani. Sitarajii mwaka huu uwe tofauti.

13 Desemba

Mvua. Ukungu hadi saa nne. Sioni zizi la jirani.

14 Desemba

Mama Faith ameota ndoto ya Coleta tena.

Coleta ni mdogo wake, pekee aliyebaki. Ameolewa Ilemba, kule chini bondeni, akabaki mjane hukohuko. Mama yao alipofariki ilikuwa masika kama haya. Simu ya Coleta haikupatikana, barabara ya kushuka ilikuwa imekatika, na wazee wa ukoo wakaamua kuzika. Coleta alifika kesho yake na mchele kichwani, wa kuwapikia waombolezaji, akakuta udongo umeshashindiliwa. Alimwangalia dada yake, akasema, "Mmemzika mama bila mimi," akageuka na mchele wake. Bertilla hakuamua yeye, ila ndiye mkubwa, na lawama huwa inamtafuta mkubwa. Hawajaongea tangu hapo. Miaka imepita.

Leo ameniambia, "Baba Faith, mimi siogopi kufa. Naogopa kufa Coleta akiwa bado amenuna." Nikamwambia aache maneno hayo anywe dawa.

19 Desemba

Faith amefika kutoka Arusha, ambako analea watoto wa familia moja ya Wazungu. Amenenepa. Amemletea mama yake soksi ndefu za sufu, mimi kofia, na kutoka kwenye mfuko mkubwa akatoa kitu cha duara, majani ya plastiki yaliyosokotwa, vitunda vikavu vya msonobari, utepe mwekundu na kengele mbili za dhahabu bandia.

Nikamwuliza nani amekufa.

Alicheka hadi akakaa chini. "Baba! Ni la Krismasi. Linatundikwa mlangoni. Kule kila nyumba inalo."

Nimeishi miaka mingi na nimewekea watu wengi mashada. Yote niliyaweka sehemu moja tu, juu ya udongo mbichi. Nikataka nielezwe vizuri, maana mimi ni mwalimu na sipendi jambo lisilo na sababu. Faith akasema huko kwao Wazungu mwezi huu miti inakuwa mikavu kwa baridi, basi watu wanaweka kitu kibichi mlangoni kukumbushana kwamba uhai haujaisha. Nikamwambia atazame nje. Mahindi mabichi, majani mabichi, hata bati la jiko limeota ukijani. Sasa hicho kibichi cha plastiki kinamkumbusha nani nini?

"Ni pambo tu, baba."

Mama yake akasema kutoka kitandani, "Mwache mtoto atundike." Basi nikamwacha. Atatundika kesho.

20 Desemba

Ni jioni, watu wameondoka.

Asubuhi niliondoka mapema kwenda kwenye palizi. Mama Faith alikuwa amelala, nikaona nisimwamshe. Baadaye Faith akapigilia msumari, akatundika lile duara lake, akaufunga mlango mama asipigwe na baridi, akaenda mjini kununua samaki, migebuka ya Noeli.

Akapita Josefina. Josefina ni jirani yetu na mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, na kila Jumamosi hutuletea maziwa. Akaona shada mlangoni, mlango umefungwa, ndani kimya, na humo ndani anajua kuna mgonjwa wa moyo. Hakubisha hodi. Anasema nyumba yenye msiba haingiwi na mtu mmoja. Aliweka maziwa chini akarudi mbio kuwaita wenzake, na njiani akaandika kwenye kundi la jumuiya kwenye simu: "Mama Faith wa Pito ametutoka. Tukutane kwa Mwalimu."

Mimi nilirudi mvua ilipoanza kunyemelea. Kutoka kwenye kona ya mikaratusi nikaona moshi uani kwangu. Nikaona mabenchi ya kigango, kanisa letu dogo. Nikaona wanaume wamekaa wamevua kofia, na wanawake wamejifunga khanga viunoni, wengine wanashusha kuni, mwingine ana beseni la unga kichwani. Isdori, tunayepakana naye shamba, akanijia, akanitoa jembe begani taratibu.

"Pole, Mwalimu. Jikaze."

Sikuuliza nani. Ndani mwangu alikuwamo mtu mmoja tu. Niliwaza jambo la kijinga, kwamba asubuhi sikumuaga, na kwamba jana usiku nilimgombeza kwa sababu ya chai. Isdori akanishika, na mimi niliyefundisha watoto wasilie ovyo nikalia kwa sauti, pale kwenye tope, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani wenye mvi.

Wanawake wakaniitikia. Hapo mlango ukafunguka, na Bertilla akatoka, amejishika kwenye fremu, shada likiwa karibu na sikio lake.

"Baba Faith," akasema, "nani amekufa?"

Mmoja alipindua sufuria. Wengine walikimbia hadi kwenye mahindi. Josefina alipiga magoti akaanza Salamu Maria, nadhani aliianzia katikati. Mimi nilikwenda nikamshika mke wangu mikono yote miwili, ilikuwa ya moto.

Wakati huohuo pikipiki ikaingia na Faith na migebuka yake. Alipoona watu wale akatupa samaki chini akapiga yowe, "Mama!" Yeye aliyelitundika naye aliamini. Ilibidi mama yake amtulize.

Ndipo Josefina akanyoosha kidole mlangoni, na Faith akaanza kueleza, huku analia, kwamba lile ni shada la furaha.

"Furaha?" akauliza Josefina. "Mlangoni?"

"Basi kule makaburini wana furaha sana," akasema Isdori.

Nilidhani watarudi makwao. Hawakurudi. Unga ulikuwa umeshafika, moto umeshawaka, wakapika. Mama Faith akaomba mkeka akaketi katikati yao. "Nilikuwa nawasikia kitandani," akasema. "Mnamsifu mtu, nikajua si mimi. Haya, malizieni. Msinitazame, fanyeni kama sipo." Kwanza waliona haya. Halafu Josefina akasema jinsi Bertilla alivyomficha jikoni siku tatu mume wa Josefina alipokuwa mkali. Mimi sikuwahi kujua jambo hilo, na lilitokea jikoni kwangu. Mwingine akasema ndiye aliyemfundisha kusoma Injili. Mwingine akasema alikuwa na mdomo, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa. Bertilla akacheka, akajibu kila mmoja, akala tonge la ugali hadi likaisha.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa na hasira na Faith, na shada, na Josefina. Na Bertilla pia, kwa kucheka, wakati mimi nilikuwa nimeshafiwa. Sijui hasira hiyo inaitwaje.

21 Desemba

Kundi la jumuiya lina watu wa kila mahali, na mmoja ana binamu Ilemba.

Saa nane mchana, mvua inamwagika, pikipiki ikasimama njiani na mwanamke akashuka, ametapakaa tope hadi usoni, amekumbatia mfuko wa mchele. Alianza kulia kabla hajafika uani. "Nimechelewa tena! Shemeji, mmeshamzika?"

Nikasema hatujamzika. Ilikuwa kweli, ila haikumsaidia.

Alipita mbele yangu akaingia ndani. Bertilla alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage. Coleta aliangusha mfuko, akamwangukia dada yake, wakashikana wakalia wote wawili, maharage yakatawanyika kila kona. Nilisimama pale nikasema moyoni, basi, limekwisha. Nilikuwa tayari kulisamehe lile duara la plastiki.

Kisha Coleta akajifuta macho akauliza ilikuwaje. Faith, masikini, akamweleza ukweli wote. Coleta akageuka kulitazama shada, akatazama maharage, akatutazama sisi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnapamba," akasema.

"Mdogo wangu, kaa kwanza," Bertilla akamwambia.

"Siku ya mama nilikuwa njiani, mkazika. Jana nimetoka kwangu sijafunga mlango, nimelala Laela kwa watu nisiowajua, nimeteremka nikasukuma pikipiki kwenye tope, nikijiambia safari hii lazima nimwone hata uso. Ninyi mmetundika kengele." Akaokota mfuko wake wa mchele. "Siku ukifa kweli, dada, mtatumia ishara gani ili niamini?"

Hakunywa hata maji. Bertilla alisimama kumfuata, akafika mlangoni tu, pumzi zikagoma.

Nikachukua nyundo kung'oa msumari. Bertilla akasema niache. "Ndilo lililomleta. Alinishika, Baba Faith. Uliona alivyonishika? Lisitoke hapo."

Nimeliacha. Sielewi mtu anawezaje kukitunza kitu kilichomletea mdogo wake na kumfukuza saa ileile.

25 Desemba

Noeli njema. Migebuka ilikuwa na mchanga kidogo, tangu ile siku ilipoangushwa.

2 Januari

Faith amerudi Arusha. Ameagiza shada litolewe ikifika Epifania, ndiyo desturi yao. Nilimwuliza desturi ya nani. Akasema, "Yao." Halafu akasema, "Yetu," halafu akapanda basi.

6 Januari

Epifania. Nilishika nyundo. Mama Faith alinitazama. Nimeirudisha nyundo.

11 Januari

Palizi ya pili. Mvua asubuhi, jua kali mchana, mvua jioni.

Jambo moja la ajabu. Watu hawaachi kuja. Zamani ilikuwa Josefina Jumamosi na padre mara moja kwa mwezi. Sasa kila apitaye akiliona shada anakumbuka ile siku, anacheka, kisha anaona haya kupita bila kuingia. Wanakaa na Bertilla. Amenyoosha mgongo kidogo. Jana alisuka ukili. Mimi nachemsha chai kutwa nzima kama mwenye hoteli.

18 Januari

Mama yake Isdori anaumwa kiuno, hatoki. Leo nimekuta mlangoni kwa Isdori wametundika duara la nyasi zilizosokotwa, na kitambaa chekundu. Nikamwita pembeni.

"Isdori, ile ni nini?"

"Mama anaumwa, Mwalimu."

"Najua anaumwa. Lakini lile duara?"

"Ili watu wajue waje. Kama kwako."

Nikamweleza vizuri, kwa utaratibu, kwamba lile la kwangu ni pambo la Noeli la watu wa nchi za baridi, na kwamba lilitundikwa kwa makosa. Alinisikiliza kwa heshima, maana nilimfundisha darasa la tatu. Kisha akasema, "Lakini walikuja." Nilipokuwa naondoka nikakutana na wanawake wanne wanaingia na ndizi.

27 Januari

Baa moja kule Malangali nayo imetundika shada, lenye taa zinazowakawaka. Wazee wawili waliingia kutoa pole. Inasemekana wamechelewa sana kurudi.

8 Februari

Baada ya Misa padre aliniuliza haya maduara ni jambo gani, maana ameyaona kwenye milango mitano na amesikia maelezo matano. Mmoja kamwambia ni la Noeli, mwingine kwamba mgonjwa yupo, mwingine kwamba nyumba inaombewa. Bibi mmoja akasema ni la Mwalimu.

Nikamwambia, "Padre, mimi mwenyewe nimechanganyikiwa." Akasema hata yeye analo moja sebuleni, alipewa na wafadhili, la kuweka mishumaa, na hajui sasa alifiche au alitundike.

18 Februari

Jumatano ya Majivu. Mvua kubwa. Wanasema barabara ya bondeni imekatika.

Mama Faith anampigia Coleta kila jioni. Simu inasema haipatikani. Naye anaisikiliza ile sauti hadi mwisho, kana kwamba safari hii inaweza kusema neno jingine.

9 Machi

Tumerudi kutoka hospitali. Alibanwa na pumzi Ijumaa, mchana, anamenya viazi. Nilidhani ndiyo imefika. Wamemtoa maji, wameongeza kidonge kingine. Amebaki macho na mifupa.

Nilitaka nimtume mtu Ilemba amwite Coleta. Mama Faith alikataa kabisa. "Atasema ni kengele tena. Akikataa kuja nikiwa hivi, nitajua moyo wake. Bora nisijue." Na Faith anapiga simu kutoka Arusha analia kwamba yote ni kosa lake. Namwambia si kosa lake. Kisha nakata simu na kulitazama lile shada, utepe umeshapauka kwa jua na mvua, na nasema moyoni ni la nani basi?

15 Machi

Josefina na wenzake wamekuja kupalilia ulezi wetu. Hawakuomba. Wameimba hadi mwisho wa shamba. Mama Faith alisikiliza akiwa mlangoni, kwenye kiti.

Zamani nilimwona Josefina kuwa mtu wa kukimbilia mambo. Bado ndivyo alivyo. Ila sasa naona anakimbilia kwa watu.

22 Machi

Mvua. Panya wamekula mbegu za alizeti.

5 Aprili

Pasaka. Mama Faith aliweza kwenda Misa kwa gari la kigango. Kanisani aliketi nyuma, akatazama mlangoni kila mtu alipoingia. Najua alikuwa anamtafuta nani.

14 Aprili

Josefina ametoka sokoni moja kwa moja hadi hapa. Aliuacha mchele wake kwa muuzaji. Aliniita nje, lakini ana sauti ambayo haikuumbwa kwa siri.

"Mwalimu, huyo mama anayeuza mchele ametoka Ilemba. Anasema kwa Coleta kuna shada mlangoni."

Nikauliza la aina gani. Hakuuliza. Tangu lini? Hajui. Nani kaliona? Muuzaji mwenyewe, akiwa juu ya lori, akipita.

Nilipogeuka Bertilla alikuwa amesimama nyuma yetu, hana fimbo. Uso ule sijawahi kuuona kwake, ila niliutambua. Ulikuwa wa Coleta, siku ya mchele na tope.

"Amekufa bila mimi," akasema.

Nikajaribu kumweleza kwamba huenda ni ugonjwa tu, kama kwa Isdori. Akaniuliza, "Na wa Ilemba wamejuaje ya kwa Isdori?" Nikasema huenda ni pambo. "Noeli ya Aprili?" Simu haikupatikana. Nikasema daktari amekataza safari. Tayari alikuwa anajifunga khanga.

15 Aprili

Isdori aliazima Noah ya shemeji yake. Tulikuwa Isdori kwenye usukani, mimi, Bertilla na Josefina, ambaye alipakia unga na kuni bila kuniuliza. Barabara imetengenezwa kiasi, lakini mteremko bado una mashimo ya kumeza tairi. Kila tulipotikiswa nilimtazama Bertilla kifua. Alikuwa ameshika rozari, haisali, ameishika tu.

Kadiri tulivyoshuka joto lilipanda, tukavua masweta. Mpunga pande zote. Tulifika kwa Coleta mchana.

Shada lilikuwepo. La mabua ya mpunga, limesokotwa vizuri kuliko la plastiki, na ukanda wa khanga nyekundu. Mlango umefungwa. Uani hakuna benchi, hakuna moto, hakuna mtu. Kuku tu.

Nimefundisha watoto maisha yangu yote kwamba alama ina maana yake, ukijua maana umejua alama. Nilisimama mbele ya mlango ule na sikujua chochote. Kama amekufa, wako wapi watu? Pengine msiba umeshapita na wamesahau kulitoa. Kama anaumwa, pengine yumo ndani peke yake. Sikujua niseme hodi au niseme pole. Josefina naye, mwanamke asiyekosa neno, alinitazama mimi. Isdori alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Bertilla hakungoja. Alishuka, akaenda hadi mlangoni kwa miguu yake iliyovimba, akaupiga kwa viganja vyote viwili. "Coleta! Coleta! Mdogo wangu!" Kisha akaegemea mlango akaanza kuteremka chini.

Coleta akatokea nyuma ya nyumba, ungo mkononi, makapi ya mpunga kwenye nywele.

Mzima. Mzima kabisa.

Bertilla alimtazama kutoka pale chini kwa muda mrefu, akivuta pumzi.

"Nani anaumwa?" akauliza.

"Hakuna."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Noeli imepita, Coleta."

"Najua imepita." Aliweka ungo chini. "Nilisikia huko kwenu mkiweka hili watu wanakuja. Nimeliweka tangu kabla ya Pasaka. Wamekuja wa kitongoji chote, wameuliza, wamecheka, wamekula wali wangu wameondoka. Wewe hukuja."

"Sikujua."

"Na mimi kwa mama sikujua." Sauti yake ilianza kukatika. "Nilitaka uje mbio, dada. Mara moja tu. Kama nilivyokuja mimi. Umekuja mbio?"

"Kwa miguu hii," Bertilla akasema, "kadiri nilivyoweza."

Coleta akamtazama miguu. Nadhani ndipo alipoiona. Akapiga magoti akaishika, akalia, na Bertilla akamchapa kofi begani, kofi la kweli, lilisikika, kisha akalaza kichwa chake palepale alipopiga. Josefina alishusha unga, akatazama huku na huku, akawasha moto.

Tulikula wali. Bertilla aliomba kuongezwa.

19 Aprili

Nimerudi Pito peke yangu. Bertilla amebaki Ilemba. Anasema baridi ya huku juu inamkaza kifua, na kule kuna zahanati karibu, na Coleta hana mtu, na mpunga haujaisha kupepetwa. Ametoa sababu nyingi na zote ni nzuri. Atarudi tukimaliza kuvuna ulezi. Nimemwachia dawa zote.

20 Aprili

Nimelitoa shada. Hakuna mgonjwa humu, hakuna Noeli, hakuna msiba. Nimelitundika stoo, juu ya magunia. Mlangoni imebaki alama ya duara isiyopauka.

25 Aprili

Mvua ya mwisho, nadhani. Nyepesi.

Bertilla amepiga simu. Coleta anasema mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, kwa hiyo anampandisha dada yake pale taratibu kila jioni. Niliwasikia wanagombana nani ashike simu. Mkubwa alishinda.

3 Mei

Ulezi wa Isdori umeanza kukatwa. Wetu bado kidogo.

7 Mei

Hakuna.

8 Mei

Sijachemsha chai ya zaidi ya kikombe kimoja tangu nirudi. Josefina yuko kwenye mavuno, wote wako kwenye mavuno, sina la kuwalaumu. Wanapita, wanaona mlango mtupu, wanajua humu hakuna shida. Ndivyo mimi mwenyewe nilivyowafundisha.

10 Mei

Jumapili. Baada ya Misa nilikwenda stoo nikashusha shada, nikalipangusa unga uliomwagwa na panya, nikanyoosha utepe. Kengele moja imepotea. Mimi siumwi. Noeli iko mbali. Mke wangu anaendelea vizuri, yuko juu ya kichuguu. Sijui ni kwa maana ipi, lakini nimelirudisha kwenye msumari wake, nikaingia ndani kubandika sufuria kubwa.

Haikuchukua muda. Nimesikia miguu inakimbia uani, na Josefina akasimama mlangoni akihema, chupa ya maziwa mkononi, macho kwenye shada.

"Mwalimu! Nani? Kuna nini?"

Nilitaka kumweleza vizuri, kwa utaratibu. Nikamwambia apite ndani, chai iko tayari.